Majeruhi wa njiani: huruma peke yake haimwokoi

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeufanya uhai wa mwanadamu kuwa amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuizungumzia hali ya mtu aliyejeruhiwa, tangu pale alipoanguka hadi anapofikishwa kwenye mlango wa hospitali. Kipindi hicho huwa cha dakika chache mjini na cha saa nyingi shamba. Daktari hayupo, muuguzi hayupo, na mara nyingi hata gari la wagonjwa halipo. Aliyepo ni mpita njia, dereva wa daladala au matatu, kijana wa bodaboda, mama anayeuza matunda kando ya barabara. Kwa ufupi, uliyepo ni wewe na mimi.

Na sote tunayajua yanayotokea. Pikipiki imegongana na gari, kijana yuko chini, damu inamtoka. Watu wanakusanyika. Mmoja anamshika mikono, mwingine miguu, wanamnyanyua kama gunia la mahindi. Mwingine anammiminia maji kichwani. Mwingine anataka anyweshwe soda ili apate nguvu. Kisha anakalishwa kwenye bajaji, kichwa kikining'inia huku na huku, na safari ya kwenda hospitali inaanza. Wengi wa watu hao wana nia njema kabisa, na malipo ya nia yao yako kwa Mola wao. Lakini nia njema haizuii damu, wala haiungi uti wa mgongo uliokatika kwa kunyanyuliwa vibaya.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ndiko tuliko sisi. Na kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya kifo duniani. Hao ndio wanetu wanaokwenda madrasa na shule, na ndio vijana tunaowategemea kesho.

Funzo la Uhud

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika, na kofia yake ya chuma ikapondeka kichwani. Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) namna alivyohudumiwa. Bibi Fatima (R.A.) alikuwa akiiosha damu, na Sayyidna Ali (R.A.) akimletea maji katika ngao yake. Bibi Fatima alipoona kwamba maji hayazidishi ila kutoka kwa damu, aliyaacha. Alichukua kipande cha mkeka, akakichoma, akalibandika jivu lake kwenye jeraha, na damu ikakatika.

Hebu tulizingatie tukio hili. Bibi huyu alikuwa mbele ya baba yake aliyejeruhiwa, katikati ya vita, naye hakupotewa na akili. Alitazama, akaona kwamba anachokifanya kinadhuru, akakibadilisha. Shabaha yake ilikuwa moja, kuikata damu. Jivu lilikuwa dawa iliyojulikana kwa watu wa zama zile. Leo tunajua kwamba jivu, udongo au unga wowote kwenye jeraha huweza kuingiza vijidudu, vikiwamo vya pepopunda, na tunacho kilicho bora kuliko hivyo: kitambaa safi na mkono unaokandamiza. Anayemfuata Bibi Fatima katika jambo hili ni yule anayeikata damu kwa njia iliyo bora katika zama zake.

Miaka miwili baadaye, katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye. Wapokezi wa sira wanamtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema la kutibia majeruhi, na ambaye alijitolea kuwahudumia wale wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia. Saad alikaa siku kadhaa, kisha jeraha likafumuka, damu ikamtoka kwa wingi, akafariki. Kwa hiyo tusidanganyike na jeraha lililotulia, kwani kutulia si kupona, na majeruhi haachwi bila ya mtu wa kumtazama.

Walipomhukumia majeruhi bila ya elimu

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa kinachopaswa kumtetemesha kila mwenye kuwahi kumhudumia majeruhi. Masahaba walikuwa safarini, mwenzao akapigwa jiwe kichwani likampasua. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama yeye ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia kwamba hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawatia hatiani kwa kifo cha mwenzao, na akawakemea kwa nini hawakuuliza ilhali hawakujua, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza.

Watu wale hawakuwa wabaya. Walimpenda ndugu yao na walitaka ashike dini yake sawasawa. Walichokosa ni elimu ya jambo lililokuwa mbele yao, na kukosa huko kukamgharimu mwenzao roho. Anayemnyanyua majeruhi kwa kumvuta shingo, au anayemnywesha maji mtu asiye na fahamu mpaka yakamwingia mapafuni, naye hakosi huruma. Amekosa elimu, na alikuwa na muda wa kuitafuta kabla ya siku ile.

Ushahidi wa zama zetu

Huenda msomaji akasema kwamba nchi zetu ni maskini, magari ya wagonjwa ni machache, na kwamba haya ni mambo ya mataifa tajiri. Natutazame kaskazini ya Iraq, katika vijiji vilivyojaa mabomu ya kutegwa ardhini. Kuanzia mwaka 1997, madaktari kutoka Norway wakiongozwa na Hans Husum walishirikiana na wenyeji wa huko, na wa Cambodia pia, katika kazi ya miaka 5. Waliwafundisha wahudumu wa afya 135 na wanakijiji wa kawaida wapatao 5,200, kila kundi kwa kiwango chake. Hospitali ilikuwa mbali, kwani kwa wastani majeruhi alichukua karibu saa 6 kuifikia.

Kabla ya mafunzo hayo, majeruhi 40 katika kila 100 walikufa. Katika miaka ya kazi ile, idadi ilishuka hadi karibu 15 katika kila 100. Barabara hazikufupishwa wala helikopta hazikununuliwa. Kilichoongezeka ni watu wanaojua la kufanya, pale majeruhi alipoangukia na njiani alipokuwa akibebwa.

Huko Ghana, madereva 335 wa magari ya abiria na mizigo walipewa mafunzo ya saa 6 tu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Miongoni mwa wale waliofuatwa baadaye, asilimia 61 walisema kwamba tangu wafundishwe wamekwisha kumhudumia majeruhi. Na jirani yetu Kampala, askari polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, jumla yao 307, walifundishwa misingi ya kumhudumia majeruhi, na taarifa ya kazi hiyo ikatolewa mwaka 2009. Hawa ndio wanaofika mwanzo, na kwa sababu hiyo ndio walioanziwa.

Mambo ya kufanya

Haya yafuatayo hayatoshelezi mahali pa mafunzo ya vitendo, lakini ni wajibu kila nyumba iyajue.

Kwanza, jihadhari na nafsi yako. Mwokoaji akigongwa, majeruhi huwa wawili. Simamisha gari mbali kidogo, weka alama ya kuwaonya wanaokuja, zima injini ya gari lililopinduka, na usikaribie mafuta yanayomwagika. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan nchini Kenya, na tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu mjini Morogoro, malori ya mafuta yalipinduka, watu wakakusanyika, moto ukalipuka. Katika kila moja ya misiba hiyo walikufa watu zaidi ya 100. Mwenyezi Mungu awarehemu, na atupe sisi mazingatio.

Pili, mteue mtu mmoja kwa kumwonyesha kidole apige simu. Ukisema "pigeni simu", kila mmoja hudhani mwenzake amepiga. Kenya ni 999 au 112. Tanzania ni 112 kwa polisi, na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Aseme mahali palipotokea ajali, idadi ya majeruhi, na kama kuna mtu aliyebanwa ndani ya gari.

Tatu, ikate damu. Mtu mzima ana kadiri ya lita 5 za damu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa katika dakika chache, kabla hata gari halijawashwa. Chukua kanga, kikoi au shati safi, kikunje, kiweke juu ya jeraha, kisha kandamiza kwa nguvu kwa mikono miwili bila ya kuachia. Usifunue kila mara kutazama. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake na uzidi kukandamiza. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka bila ya kusikia, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini, pasipo kwenye kiungo. Pitisha kijiti na ukizungushe mpaka damu ikatike. Andika saa uliyofunga, na usikifungue mpaka hospitali. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Na kama kisu, chuma au kioo kimechoma na kubaki mwilini, usikichomoe, kwani huenda hicho ndicho kizibo cha damu. Kizungushie vitambaa kisitikisike.

Nne, iangalie pumzi. Mtu asiye na fahamu akilala chali, ulimi wake huweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, na ubongo haustahamili dakika nyingi bila ya hewa. Zisukume mbele pembe mbili za taya lake bila ya kuipinda shingo. Akitapika au kinywa kikijaa damu, mgeuzeni kwa ubavu, kichwa na mwili vikienda pamoja. Na asipewe chakula wala kinywaji chochote, hata kama anaomba, kwani huenda akahitaji kupasuliwa, na tumbo tupu ni salama kwake.

Tano, ihifadhi shingo na uti wa mgongo. Kama hapana moto wala hatari nyingine, hakuna haja ya kumtoa mbio mbio. Mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili kiwe sawa na mwili, wengine watatu au wanne wamnyanyue kwa pamoja kwa neno la mmoja wao, wamlaze juu ya mlango, ubao au machela. Gari lenye nafasi ya kumlaza linalochelewa dakika tano huenda likawa bora kuliko bajaji iliyopo sasa hivi. Lakini ikiwa damu ya ndani inashukiwa, tumbo limevimba na majeruhi anapauka na kutoka jasho la baridi, hapo muda ni adui, na safari isicheleweshwe.

Sita, aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, siagi na yai havina nafasi hapa. Na kila majeruhi afunikwe asipate baridi, kwani mwili uliopoa hushindwa kuigandisha damu yake.

Maswali ya kisharia

Wako wanaosita kwa sababu ya dini, nao wanastahiki kujibiwa. Je, mwanamume amguse mwanamke asiye maharimu wake? Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.), kama ilivyo katika Bukhari, ameeleza kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka na Mtume (S.A.W.) vitani, wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina. Wanazuoni wamejenga juu ya dalili kama hii kanuni ya kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa kwa kadiri ya haja yake. Akiwapo mwanamke anayejua, yeye ni bora kwa mwanamke mwenzake. Asipokuwapo, damu haisubiri. Nguo ikatwe pale penye jeraha tu, na likishafungwa, majeruhi asitiriwe. Kanga ya kusitiri ni sehemu ya huduma.

Je, sala? Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kwamba mwenye kusali akimwona mtu anazama au anaungua, na hapana mwingine wa kumwokoa, yampasa aikate sala yake amwokoe, kisha arudi kusali. Na majeruhi akiwa amefunga na akahitaji dawa au damu, ana ruhusa ya kufungua na kulipa.

Je, asiye Muislamu? Aya ya 32 ya Sura Al-Maidah, inayolifananisha tendo la kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote, imezungumzia nafsi. Hatumwulizi aliyelala katika damu jina lake kabla ya kumfunga jeraha.

Na je, nikimsaidia akanifia mkononi? Hapa pana mizani. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, amefundisha kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kuwa anaujua, yeye ni mdhamini wa madhara yake. Kwa upande mwingine, wanazuoni wametoa katika aya ya 91 ya Sura At-Tawba kanuni ya kwamba mtenda wema hana njia ya kulaumiwa. Mambo mawili haya hayagongani. Fanya ulilofundishwa, komea hapo ulipofundishwa, na usijaribu kuunga mfupa wala kushona jeraha.

Sheria za nchi nazo zimesogea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaihesabu huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya haki hiyo. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, fomu ya polisi ya PF3 imekuwa ikiwatia watu hofu kwa miaka mingi. Wizara ya Afya imekwisha kueleza zaidi ya mara moja kwamba mwenye hali ya dharura atibiwe kwanza, na fomu ifuate. Asiachwe mtu njiani kwa sababu ya karatasi.

Lipo pia la aibu, nalo hatuna budi kulitaja. Kuna wanaofika kwa majeruhi wakaanza na mifuko yake, na wanaosimama kumpiga picha kwa simu akiwa uchi na damu imemtapakaa, picha zikawafikia wazazi wake kabla ya habari. Mali ya majeruhi ni amana na heshima yake ni amana. Simu ile ile ingeweza kuita msaada.

Jeneza na machela

Ndugu zangu, tujipime wenyewe. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, dhambi huwaondokea wengine, na wote wakiiacha, wote wana dhambi. Kwa ajili hiyo kila mtaa wetu una waosha maiti wanaojulikana kwa majina, wanaume kwa wanawake, wanaoitwa hata usiku wa manane. Takriban kila msikiti una jeneza lake, limehifadhiwa vizuri pembeni. Hilo ni jambo la kheri, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaolisimamia.

Lakini ni misikiti mingapi iliyo na machela ya kumbebea aliye hai? Ni mitaa mingapi ambayo watu wakiulizwa nani anayejua kuikata damu, watamtaja mtu kwa jina? Ikiwa kumhudumia aliyekufa ni faradhi juu yetu sote mpaka apatikane wa kuitekeleza, basi kumwokoa anayekaribia kufa hakuwezi kuwa jambo la hiari. Wanazuoni wengi, akiwamo Imam Ghazali, wameihesabu elimu ya tiba katika faradhi za kutosheleza, na huduma ya kwanza ni mlango wake ulio karibu zaidi.

Gharama yake si kubwa. Kamati ya msikiti inaweza kuwaalika wakufunzi wa Msalaba Mwekundu au wauguzi wa hospitali ya wilaya kwa siku moja. Wachaguliwe vijana kumi, hasa wa bodaboda, na kina mama kumi. Sanduku moja liwekwe pale msikitini: glavu, bandeji pana, vitambaa safi, mkasi, tochi, na machela. Madrasa ziwafundishe watoto namba za dharura kama zinavyowafundisha nguzo za udhu. Misikiti iliyo kando ya barabara kuu ianze, kwani huko ndiko vilio vinakosikika. Na kila mwenye afya ajitolee damu, kwa kuwa ile tuliyoshindwa kuizuia njiani lazima irudishwe hospitalini, nayo haitengenezwi kiwandani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye majeruhi walioko mahospitalini, awarehemu waliotangulia, awalinde wasafiri wetu, na ajaalie mikono yetu iwe sababu ya kubaki hai kwa waja wake. Wabillahi tawfiq.